Misitu ya Kaskazini na Kitenzi Kilichonishinda

Mchagua jembe si mkulima, na mwanafunzi wa uzamili asiye na ufadhili hachagui matini ya kutafsiri. Ndivyo nilivyojikuta mnamo Juni 2023, ningali nahangaika na pendekezo la tasnifu yangu kuhusu riwaya, nikipokea kutoka kwa shirika moja jijini Nairobi kijitabu cha kurasa ishirini na nne kilichoandikwa kwa Kiingereza. Kilihusu ushirikiano wa mataifa katika kuitunza misitu ya kaskazini mwa dunia na kuitumia pasipo kuimaliza. Walengwa walikuwa wanafunzi wa shule za upili wa Kenya na Tanzania waliokuwa wakijiandaa kwa kongamano la mazingira. Malipo yalikuwa ya kuridhisha, muda ulikuwa wiki mbili, nami nikajipiga kifua kwamba kurasa ishirini na nne si kitu kwa mtu aliyesoma nadharia za tafsiri kwa mihula miwili.

Nilikwama kwenye anwani. Niliandika "Misitu ya Kaskazini," kisha nikamsomea mwenzangu wa chumba, mzaliwa wa Wajir. Alicheka hata akalazimika kuweka kikombe chake chini.

"Ndugu yangu," akasema, "hiyo kaskazini yenye misitu iko wapi? Kwetu mti ukiwa na kivuli cha kuwatosha watu wawili hupewa jina, na baraza hufanyiwa hapo."

Kicheko chake kilinizindua. Kwa Mkenya, kaskazini ni nchi ya ngamia na visima. Na hata tukiacha siasa na jiografia ya nchi yetu, neno lenyewe lina mambo. Kaskazini ni kule itokako kaskazi, pepo za kati ya Desemba na Machi zilizowaleta mabaharia wa Uarabuni na Bara Hindi hadi pwani yetu, na majira ya kaskazi kwa watu wa pwani ni majira ya joto. Baridi huja na kusi. Waama, neno hilo limebeba joto tangu kuzaliwa kwake, nami nilikuwa nalitwika theluji. Hatimaye niliandika "Misitu ya Kaskazini ya Mbali," nikaona afadhali.

Misitu yenyewe ni mikubwa kuliko inavyoweza kuchukuliwa na akili ya mtu aliyezoea kuona mwisho wa msitu. Huanza Norwe, ikapita Uswidi na Ufini, ikaingia Urusi na kutanda Siberia hadi upande wa Bahari ya Pasifiki. Ng'ambo ya bahari huanza tena Alaska, ikaivuka Kanada mpaka karibu na Atlantiki. Ni mkanda mmoja uliozungushiwa utosi wa dunia mithili ya kilemba. Tathmini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba zaidi ya robo ya misitu yote duniani imo katika ukanda huo wa baridi. Urusi peke yake, ukihesabu misitu yake yote, ina hekta milioni 815, na Kanada milioni 347. Kenya nzima, pamoja na maziwa yake na majangwa yake, ni hekta milioni 58. Miti ya huko hukua polepole mno. Msonobari unaopandwa katika nyanda zetu za juu huwa tayari kwa msumeno baada ya miaka 25 au 30. Huko kaskazini ya mbali mti hungojewa miaka 80, hata 120. Anayepanda hapandi kwa ajili ya mwanawe, bali kwa ajili ya kitukuu ambaye hatamwona. Aidha, kwa sababu ya baridi, majani na matawi yanayoanguka hayaozi upesi. Hulundikana karne baada ya karne, na kwa hivyo sehemu kubwa ya kaboni ya misitu hiyo haimo mitini bali ardhini. Moto ukiingia huko hauli miti pekee.

Na moto unaingia. Tarehe 20 Juni 2020, katika mji wa Verkhoyansk huko Siberia, kipimajoto kilisoma nyuzi 38 za selsiasi, joto ambalo hata mzee wa Mombasa angelitolea shati. Agosti 2021 shirika la anga la Marekani lilieleza kwamba moshi wa misitu ya Siberia iliyokuwa ikiteketea ulikuwa umefika Ncha ya Kaskazini. Moshi hauulizwi pasipoti. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya mataifa kushirikiana, na kijitabu kilianza nayo vizuri.

Matatizo ya msamiati yalikuwa mengi, lakini niliyamudu kwa ubishi na chai ya maziwa. Kamusi ilinipa "msonobari." Nilipofika ukurasa wa tano nilikuwa na miti mitatu tofauti yenye majani mfano wa sindano, mmojawapo ukiwa ni ule wa Siberia unaopukutisha sindano zake kila mwaka, na neno moja tu mkononi. Kulikuwa pia na mnyama wa jamii ya kulungu, mwenye pembe zenye matawi kwa dume na kwa jike, ambaye hana jina nililoliridhia katika kamusi zetu. Nimemwita kulungu wa theluji. Atakayepata jina bora aniandikie kupitia kwa mhariri wa jarida hili, nami nitamshukuru hadharani.

Kilichonishinda ni kitenzi. Ukurasa wa tisa ulikuwa na sentensi ambayo kwa Kiswahili chepesi ni hii: "Nchi za kaskazini zinashirikiana kuitunza misitu hii." Kijitabu kilichapishwa mwaka 2019. Mimi nilikuwa nakitafsiri mwaka 2023. Ili msomaji auone mwiba ulipo, sharti nieleze jinsi sentensi hiyo ilivyopata kuwa kweli.

Katika mkutano wa Rio de Janeiro wa mwaka 1992, mataifa yalishindwa kuafikiana juu ya mkataba wa misitu wenye nguvu za kisheria. Nchi kadhaa za Kusini, Malaysia ikiwa mstari wa mbele, ziliona kwamba waliokwisha kufyeka misitu yao walitaka kuitia kufuli ya wengine. Ikatoka hati ya kanuni isiyombana mtu. Nchi zenye misitu ya baridi hazikungoja. Za Ulaya zilikutana Helsinki mwaka 1993 zikakubaliana juu ya maana ya utunzaji endelevu wa misitu. Mwaka huohuo mashauriano mengine yakaanza Montreal, na mwaka 1995 huko Santiago, Chile, nchi kumi, zikiwemo Kanada, Urusi na Marekani, zikakubali vigezo saba vya kuupimia msitu: uanuwai wa viumbe vyake, uzima wake, udongo na maji, kaboni, manufaa yake kwa jamii na kadhalika. Nilidhani sehemu hiyo ingenichosha. Badala yake ilinipendeza, kwa sababu ilinionyesha kwamba kazi ya kwanza ya ushirikiano ni kukubaliana juu ya kipimo. Watu wawili hawawezi kuuziana mchele ikiwa kila mmoja amekuja na kibaba chake. Juni 2018 nchi sita zenye misitu hiyo, yaani Urusi, Kanada, Marekani, Uswidi, Ufini na Norwe, zilikutana Haparanda, mji mdogo wa Uswidi ulio mpakani na Ufini, zikatoa tamko la pamoja. Mwandishi wa kijitabu aliandika mwaka uliofuata, na alikuwa na haki ya kutumia kiambishi -na-.

Mfano wake mkuu ulikuwa mpaka wa Ufini na Urusi, wenye urefu wa kilomita 1,340. Enzi za Muungano wa Kisovieti, upande wa mashariki wa mpaka huo ulikuwa eneo lililofungwa, raia hakuruhusiwa kulikanyaga. Mwenye shoka hakuthubutu na mwenye msumeno hakupewa kibali. Ikawa uhasama wa wanadamu umegeuka hifadhi: msitu mkongwe ulibaki umesimama pale kwa miongo kadhaa, ilhali kwingineko ulikuwa umekwisha kugeuzwa mbao na karatasi. Uhasama ulipolegea, watu wenye busara wa pande zote mbili waliona kwamba amani ingeweza kuleta msumeno. Mwaka 1989 serikali hizo mbili zilipatana, na mwaka 1990 ikaanzishwa Hifadhi ya Urafiki, sehemu yake moja ikiwa Kuhmo upande wa Ufini na nyingine Kostomuksha upande wa Urusi. Mwaka 2010 Norwe, Ufini na Urusi zikatia saini makubaliano kuhusu mkanda mzima wa hifadhi za mpakani. Jina lake ni Ukanda wa Kijani wa Fennoskandia.

Nilipoliandika jina hilo nilisita, kwa kuwa najua Mkenya atakayelisoma atamwona nani. Vuguvugu la Ukanda wa Kijani lililoanzishwa na Profesa Wangari Maathai mwaka 1977 halina uhusiano na ule mkanda wa mpakani. Lakini nilikumbuka kwamba ni Oslo, katika nchi yenye ncha moja ya mkanda huo, alikotunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobeli tarehe 10 Desemba 2004, na kwamba wakati ule wapo waliouliza miti inahusiana vipi na amani. Mpaka ule ungewajibu, ingawa si kwa namna wanayoipenda waandishi wa hotuba.

Kulungu wa theluji nao wamo katika kisa hiki. Wale wa mwituni waliwindwa Ufini hadi wakatoweka mwanzoni mwa karne ya ishirini. Katikati ya karne hiyohiyo, wakati mpaka ungali umelindwa kwa bunduki, walianza kurejea Kuhmo wakitokea Karelia, upande wa Urusi. Hawakungoja mapatano ya mtu.

Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine kwa majeshi yake. Machi, nchi saba kati ya nane za Baraza la Aktiki zilisitisha kushiriki vikao. Mwezi huohuo shirika la kimataifa linalotoa vyeti vya usimamizi bora wa misitu (msomaji huenda ameiona alama yake ya mti kwenye pakiti ya karatasi za kuchapishia) lilitangaza kusimamisha biashara ya mbao zenye vyeti vyake kutoka Urusi na Belarus. Julai Umoja wa Ulaya ukafunga mlango kwa mbao za Urusi. Mwaka 2023 Ufini ilianza kujenga uzio wa takriban kilomita 200 katika vipande vya mpaka ule, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa imevifunga vituo vyote vya kuvukia watu. Sisemi kwamba walikosea. Mtu ambaye jirani yake amevamiwa hawezi kutakiwa aendelee kucheza bao na mvamizi. Lakini zaidi ya nusu ya ukanda ule wa misitu umo Urusi, na watafiti wa nchi nyingine wakikosa vipimo vya Siberia wanabaki kama tabibu anayempima mgonjwa mkono mmoja na mguu mmoja. Nayo Ufini, iliyokuwa ikinunua magogo mengi kutoka kwa jirani yake, ikalazimika kuitazama zaidi misitu yake yenyewe, wakati ambapo takwimu zake za mwishoni mwa mwaka 2022 zilikuwa zimekwisha kuonyesha kwamba ardhi na misitu yake, kwa jumla, ilitoa hewa ya ukaa nyingi kuliko ilivyofyonza.

Basi nifanyeje na "zinashirikiana"? Nilimwandikia barua pepe mhusika wa shirika, nikamweleza kwamba sentensi ya ukurasa wa tisa imepitwa na wakati, nikaomba ruhusa ya kuirekebisha. Jibu lilikuja baada ya siku mbili: "Bwana mtafsiri, tafadhali tafsiri kilichoandikwa." Siwezi kumlaumu sana. Hata sisi darasani tumefundishwa kwamba mtafsiri hupewa matini, hapewi dunia. Lakini msomaji wangu alikuwa msichana au mvulana wa kidato cha pili ambaye angesimama mbele ya wenzake na kuisema sentensi ile kama ukweli wa leo.

Nikajaribu njeo nyingine. "Hushirikiana" ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa ilidai desturi isiyokatika. "Zilishirikiana" ilizika kitu ambacho hakijafa: nchi tano kati ya zile sita zilikuwa bado zinaendelea. Tena wiki hiyohiyo niliyokuwa nikibishana na kitenzi, moshi wa misitu ya Kanada uliifunika New York hadi mchana ukawa rangi ya chungwa, na miongoni mwa waliokwenda kuuzima moto huo ni wazima moto zaidi ya 200 kutoka Afrika Kusini. Msimu huo Kanada ilipoteza takriban hekta milioni 15 kwa moto. Nani aseme kwamba ushirikiano umekwisha, ikiwa Mwafrika ameacha kwao kwenda kuzima moto wa misonobari asiyoijua?

Mwenzangu wa chumba, ambaye kufikia hapo alikuwa amekuwa mhariri wangu asiyelipwa, aliniuliza swali moja tu: "Wanalipwa sawa?"

Nikaenda kusoma. Mwaka 2016, moto ulipowahamisha watu zaidi ya 80,000 katika mji wa Fort McMurray, wazima moto 301 wa Afrika Kusini walitua Edmonton wakiimba na kucheza uwanjani, na picha zao zikapendwa duniani kote. Hazikupita wiki nyingi wakasusia kazi kwa sababu ya malipo, waliyoyaona kuwa duni yakilinganishwa na kazi yenyewe na viwango vya Kanada. Wakarudishwa kwao kabla ya wakati. Walikuwa wameajiriwa na kwao, chini ya mapatano ya serikali na taasisi, wala hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwepo mapatano hayo yalipoandikwa.

Hapo ndipo nilipoacha kutazama kiambishi cha wakati na kuanza kutazama sehemu nyingine za kitenzi. Kiambishi -an- hudai kutendana. Tunawafundisha hivyo wanafunzi wa kidato cha kwanza: pigana, pendana, saidiana, kila upande unatenda na kutendewa. Kushirikishwa ni jambo jingine, na kushiriki peke yako ni jambo la tatu. Je, wale 301 walikuwa wakishirikiana au walikuwa wameshirikishwa?

Na kiima? "Nchi za kaskazini." Huko Inari, kaskazini mwa Ufini, Wasami hufuga kulungu wa theluji, na mwishoni mwa majira ya baridi, theluji inapokuwa ngumu isiyochimbika, mifugo hao hula mimea mfano wa ndevu inayoota kwenye matawi ya miti mikongwe. Mti mchanga hauna ndevu hizo. Kwa muda mrefu idara ya misitu ya serikali iliikata miti hiyo, tena kwa kufuata taratibu zilizoitwa endelevu, kwa kuwa kila uliokatwa mwingine ulioteshwa. Kipimo kilitimia na mnyama akafa njaa. Mwaka 2005 wafugaji wa Nellim walipeleka malalamiko kwa Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, nayo ikaitaka Ufini isimamishe ukataji katika malisho hayo wakati shauri likitazamwa. Kati ya mwaka 2009 na 2010 pakapatikana mapatano ya kuziacha sehemu za malisho. Mkenya hatakosa kuwakumbuka Waogiek wa Mau, walioshinda kesi yao katika Mahakama ya Afrika jijini Arusha Mei 2017 na ambao bado wanaingoja haki hiyo iwafikie msituni. Kanada nako, mwaka 2010, kampuni 21 za misitu na mashirika 9 ya mazingira yalitangaza mapatano juu ya hekta milioni 72, eneo linaloizidi Kenya yote kwa ukubwa. Ulimwengu ulishangilia kwamba mahasimu wamepatana. Wenyeji asilia wa misitu hiyo hawakuwa mezani. Waliyasikia mapatano kama tulivyoyasikia sisi, na miaka michache baadaye yakafifia.

Kijitabu changu hakikuwa na habari hizo. Kilikuwa na picha ya mawaziri wakipeana mikono.

Mwishowe niliandika "zimekuwa zikishirikiana." Ni umbo refu, lakini linasema kwamba jambo lilianza zamani na halitoi kiapo kuhusu asubuhi ya leo. Niliona nimemtumikia mwandishi bila ya kumdanganya msomaji. Nikaikabidhi kazi, nikalipwa, nikanunua muda wa kompyuta na kilo mbili za unga. Kijitabu kilipotoka kiwandani, ukurasa wa tisa ulisomeka: "zinashirikiana." Mtu fulani aliona umbo langu ni refu mno.

Nilialikwa kwenye kongamano kama mtafsiri, nikakaa nyuma. Wanafunzi walizungumza vizuri, na sentensi ya ukurasa wa tisa niliisikia mara tatu. Wakati wa mapumziko msichana mmoja alinijia, kijitabu mkononi, kidole kikiwa kwenye picha ya mnyama wangu asiye na jina.

"Shikamoo mwalimu. Hawa kulungu wa theluji waliorudi kutoka Urusi, siku hizi bado wanavuka?"

Sikuwa mtaalamu, nami nilimwambia hivyo. Kisha nikakigeuza kijitabu, na nyuma ya jalada nikamchorea mpaka kwa kalamu: mstari mrefu, na juu yake vipande vifupi vya uzio, kilomita 200 kati ya 1,340. Aliutazama mchoro kwa muda, akaomba kalamu, akaanza kutia nukta mahali penye mapengo.